Kujibu maswali ya ushawishi kwenye usaili wa kazi za askari: mwongozo kamili

Wanaoomba kazi ya polisi, uhamiaji, magereza au uaskari wa hifadhi hujiandaa kwa yale yanayoonekana. Wanakimbia alfajiri, wanakariri vyeo kuanzia Konstebo hadi Inspekta Jenerali, wanapanga vyeti kwenye bahasha, wanasoma majina ya mawaziri. Halafu wanakaa mbele ya jopo, na mjumbe mmoja anauliza kwa upole: "Tuambie siku uliyomshawishi mtu ambaye hakutaka kabisa kukusikiliza." Mtu anajibu kwamba ana uwezo mkubwa wa kushawishi watu, kwamba ni mvumilivu na mwenye lugha nzuri, na hapo maneno yanamwishia.

Mwongozo huu ni wa swali hilo na maswali ya jamii yake. Nauandika nikiwaza zaidi usaili wa Tanzania, ingawa anayeomba Kenya atakuta mengi yanamhusu. Kuna jambo moja ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote: jopo la askari linamtafuta mtu anayesikia kwanza, anayesema baadaye, na anayejua mpaka ambao maneno yake hayaruhusiwi kuuvuka. Ufasaha wa kuzungumza unakuja nyuma ya hayo.

Kwa nini wanakuuliza

Fikiria zamu moja ya askari wa kata. Anaweza kukutana na mume na mke wanaopigana, mwenye nyumba aliyemtolea mpangaji vyombo nje, kijana aliyelewa anayeziba barabara, na mama anayelia kwamba mtoto hajarudi shuleni. Mengi ya hayo huisha kwa mdomo, bila pingu wala kirungu.

Sheria nayo inamtaka aanze na mdomo. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana, Cuba, mwaka 1990, zinawataka wasimamizi wa sheria watumie kwanza njia zisizo za nguvu kadiri inavyowezekana, na kanuni ya 20 inataja waziwazi kwamba wafundishwe mbinu za ushawishi, majadiliano na usuluhishi. Kenya wameliingiza hilo kwenye sheria yao: Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linasema askari atajaribu siku zote njia zisizo za nguvu kwanza, na nguvu itatumika pale tu njia hizo zinaposhindwa au zisipoonyesha dalili ya kufanikiwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inakataza kutumia nguvu zaidi kuliko inayohitajika kumkamata mtu. Ongeza hapo falsafa ya Polisi Jamii, ambayo Jeshi la Polisi Tanzania limekuwa likiitekeleza tangu mwaka 2006, Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali wa Polisi (IGP). Falsafa hiyo haitembei kama askari hawezi kukaa na mwenyekiti wa mtaa na vijana wa kijiweni wakaelewana.

Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu ushawishi, usidhani ni swali la kupumzishia. Wanapima kama ukipewa sare na silaha utakuwa mtu wa kutumia mdomo kabla ya mkono.

Kuna historia fupi itakayokusaidia kuelewa ushawishi wa kiaskari unavyofanya kazi. Baada ya wanamichezo na makocha 11 wa Israel kuuawa kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, polisi wa jiji la New York walijiuliza wao wangefanyaje watu wakishikwa mateka kwao. Mwaka 1973 wakaanzisha kikosi cha wazungumzaji, chini ya Frank Bolz na Harvey Schlossberg, askari aliyekuwa pia na shahada ya uzamivu ya saikolojia. Kaulimbiu ya kikosi hicho ni "zungumza nami": mwenye hasira ndiye anayepewa nafasi ya kusema. Baadaye FBI walichora mtiririko wa kazi hiyo kama ngazi ya vidato vitano. Kwanza unasikiliza kwa makini. Pili unamwonyesha mtu kwamba umeelewa anavyojisikia. Tatu mnajenga kuaminiana. Cha nne ndicho ushawishi, na cha tano ni mtu kubadili alichokuwa anafanya.

Tazama ushawishi ulipo. Ni kidato cha nne. Waombaji wengi hurukia hapo moja kwa moja: "nilimwambia", "nilimwelimisha", "nilimshauri". Ukilipanga jibu lako lipite kwenye vidato vitatu vya chini kwanza, tayari umejitofautisha na wengi watakaoingia chumba hicho siku hiyo.

Hatua ya kwanza: tafuta tukio lako mwenyewe, nyumbani, kabla ya siku

Usiseme huna tukio. Kama umewahi kuwa kiranja wa bweni, kama umepita JKT, kama umekuwa mweka hazina wa kikoba, kondakta, muuza duka, mwalimu wa tempo, mlinzi, mgambo, nahodha wa timu ya mtaa, au dada mkubwa kwenye nyumba yenye ndugu wanaogombania shamba, tukio unalo. Kaa na daftari uandike matatu au manne.

Kisha yachuje. Tukio linalofaa lina mtu aliyekupinga kweli, asiyekuwa rafiki yako aliyekuwa ameshakubali nusu. Lina jambo ambalo ulilijua tu kwa sababu ulimsikiliza. Lina mwisho unaoonekana: alifungua mlango, alirudisha fedha, alipanda gari, aliweka panga chini. Bora zaidi likiwa tukio ambalo ungeweza kumlazimisha mtu ukachagua kutofanya hivyo, kwa sababu hilo linafanana na maisha ya askari, aliyepewa mamlaka na bado anatakiwa ajizuie.

Hadithi za kumshawishi mteja anunue bidhaa zina upungufu. Mteja anaweza kuondoka zake na hakuna linaloharibika. Zitumie kama huna nyingine kabisa.

Na tafadhali usitunge. Wasaili wa vyombo vya ulinzi ni watu waliozoea kuhoji. Watakuuliza alikuwa amesimama wapi, nani mwingine alikuwepo, alijibu neno gani kwanza. Tukio la kweli lina majibu ya maswali hayo bila kujitahidi. La kutunga linaanza kuyumba kwenye swali la pili, na kwa kazi hii uongo mdogo kwenye usaili unaangusha zaidi kuliko tukio dogo la kweli.

Hatua ya pili: lijenge jibu

Hili ndilo eneo linalotaka muda wako mwingi, kwa hiyo tukae hapa.

Chukua mwombaji aliyewahi kuwa mlinzi wa geti. Anaulizwa swali lile. Anajibu: "Nilipokuwa mlinzi kulikuwa na dereva mmoja mkorofi aliyekataa kukaguliwa. Nilimwelimisha umuhimu wa ukaguzi, akanielewa, akakubali, na tukamaliza vizuri."

Hakuna lililo baya ndani yake, ila hakuna kitu. Maneno "nilimwelimisha" na "akanielewa" yameficha kitu kilekile jopo lilichotaka kukiona. Alimwambia nini? Dereva alikuwa anakataa kwa sababu gani? Kwa nini alibadilika?

Mtu yuleyule, tukio lilelile, angeweza kusema hivi:

"Nilikuwa mlinzi wa geti kwenye ghala la mbolea. Utaratibu ulikuwa kila lori linalotoka lifunguliwe turubai tuhesabu mifuko. Usiku mmoja, kama saa nne, dereva wa Fuso alikataa kufungua. Alipiga honi, akasema walinzi tunatafuta hela ya soda. Ningeweza kufunga geti nimwache hapo hadi asubuhi. Nilimwomba azime injini, nikamwuliza yuko pale tangu saa ngapi. Akasema tangu saa sita mchana, na kwamba kwenye ghala alikotoka jana alidaiwa elfu tano ndipo apite. Nikaelewa kwamba ukaguzi wenyewe haukuwa tatizo lake, alikuwa anaogopa kudaiwa hela tena. Nikamwambia, 'Mzee wangu, pole kwa kusubiri. Hapa hutoi hata shilingi. Kitabu hiki hapa, tazama, magari yote yaliyotoka leo yamekaguliwa na madereva wamesaini. Namwita msimamizi wangu asimame hapa wakati tunahesabu.' Alikisoma kile kitabu, akashuka, akafungua turubai mwenyewe. Hesabu ilikuwa sawa, akasaini, akaondoka. Kesho yake nilimweleza msimamizi kwamba madereva wanakaa kutwa bila kuambiwa kinachoendelea, na tukaanza kuwagawia namba za foleni."

Soma tena uone kilichofanyika. Mazingira yamemalizika kwa sentensi tatu, hajasimulia historia ya kampuni. Kizuizi kipo wazi. Amesema mamlaka aliyokuwa nayo na kwamba hakuyatumia. Ameuliza swali moja dogo, "uko hapa tangu saa ngapi", na swali hilo ndilo lililotoa sababu halisi. Maneno aliyoyasema yamerudiwa kama yalivyosemwa, pamoja na "mzee wangu" na "pole". Ametoa uthibitisho wa kushikika, kitabu na msimamizi, badala ya kuapa. Na ukaguzi umefanyika uleule, hakuna sheria iliyolegezwa ili dereva afurahi. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana: jopo linaogopa kuajiri mtu ambaye ushawishi wake ni kumwachia kila anayelalamika.

Ukiandika lako, jikague kwa sehemu tano: palikuwaje, huyo mtu alikuwa anakataa nini, nilisikia nini, nilisema nini hasa, kikatokea nini. Sehemu ya tatu ndiyo moyo wa jibu. Kama huna cha kuandika hapo, badilisha tukio.

Urefu uwe kama dakika mbili. Ukizidi hapo wajumbe wataanza kuangalia karatasi zao.

Hatua ya tatu: maswali ya "ungefanyaje"

Hapa hakuna tukio lako. Wanakupa hali na wanataka uifikirie mbele yao.

Linalopendwa ni hili: umemsimamisha dereva wa bodaboda asiye na kofia ngumu, anakupigia kelele, na wenzake wameanza kusogea. Wengi hujibu "nitamkamata kwa mujibu wa sheria" au "nitamwelewesha kwa upole". Yote mawili yanapita mbali na kiini. Tatizo la kijana huyo kwa wakati huo ni kwamba wenzake wanamtazama. Akikubali haraka anaonekana mnyonge mbele ya kijiwe kizima, na ukimkaripia hadharani unamfungia njia ya kurudi nyuma. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumtoa mbele ya watu. "Kaka, habari za kazi. Nimekusimamisha kwa sababu huna kofia. Njoo hapa pembeni tuongee wawili." Sauti iwe chini kuliko yake. Ukishampata pembeni, unamsikiliza, unamweleza kosa na sababu, kisha unamwekea mambo mawili mbele yake: kukubali utaratibu hapo na kuendelea na siku yake, au kukataa na kwenda kituoni na pikipiki ibaki huko. Unamwacha achague. Unahakikisha amekuelewa. Akikataa bado, unatenda ulichosema, bila matusi.

Sema pia kwamba ulishamwarifu mwenzako kwa redio wakati watu wanaanza kusogea. Mwombaji anayezungumzia ushawishi bila kutaja usalama wake na wa wengine anaonekana hajui kazi anayoiomba.

Swali la pili ni la wananchi wenye hasira kali. Wamemkamata kijana anayedaiwa kuiba, mmoja ameshika petroli. Unafika na mwenzako mmoja. Jibu zuri linaanza na kuomba nguvu ya ziada na kusimama kati ya kijana na watu. Halafu unatafuta anayesikilizwa mahali pale, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, balozi wa nyumba kumi, mzee wa msikiti au kanisa, hata yule mama aliyeibiwa mwenyewe. Kundi halishawishiki kwa pamoja, lakini mtu mmoja mmoja hushawishika, na kundi huanza kupoa kwake. Ahadi uzitoe zile unazoweza kuzitimiza dakika hiyo: "Huyu anakwenda kituoni sasa hivi. Mama, wewe na shahidi wako mnapanda na sisi muandikishe maelezo." Usiwaambie kwamba atafungwa, hilo ni la mahakama, na akitoka kwa dhamana kesho hakuna atakayekuamini tena katika mtaa huo. Uwe mkweli mbele ya jopo kuhusu mpaka wa maneno: kiberiti kikiwashwa, muda wa kuzungumza umekwisha, na sheria inakuruhusu kutumia nguvu inayolingana na hatari ili kuokoa uhai.

Swali ninaloliona zito kuliko yote ni la familia inayotaka kuyamaliza nyumbani. Mtoto wa kike amebakwa na ndugu au jirani, wazee wa pande mbili wamekaa, kiasi fulani kimeahidiwa, na sasa mama anakuja kituoni kusema hataki kesi. Ungemshawishije?

Anza kwa kuweka msimamo wazi: hili si jambo la kusuluhishwa. Ubakaji ni kosa la jinai, na tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 mtu mzima anayepatikana na hatia anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30. Askari hana mamlaka ya kubariki makubaliano ya wazee. Ila kumtupia mama sheria hiyo usoni hakutamrudisha, atakachofanya ni kumhamishia mtoto kwa bibi yake wilaya nyingine, na siku ya shauri hakuna shahidi. Kwa hiyo unamtenganisha na wale waliomsindikiza. Unamkalisha, ikiwezekana na askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto. Unamwuliza anaogopa nini. Mara nyingi majibu yanatoka kwenye mambo machache: anayetuhumiwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba, au amemtishia, au mama anaona aibu kwamba mtoto atasimama mbele ya kadamnasi. Kila hofu ina jibu lake. Aibu, unamweleza kwamba ushahidi wa mtoto katika mashauri haya husikilizwa faragha. Vitisho, unavichukua kama kosa jipya na kuviandikia maelezo. Njaa, unamuunganisha na afisa ustawi wa jamii, bila kumwahidi fedha usizokuwa nazo. Na unamsogeza kwenye hatua moja ya karibu: "Mama, tuanze na hospitali. Fomu ya PF3 hii hapa, nakusindikiza." Mtoto apate matibabu na ushahidi usipotee, mengine yatafuata. Mwombaji anayeweza kujibu hivi, kwa sauti ya mtu aliyemwona mama huyo machoni pake, ningependa awe askari wa kata ninayoishi.

Swali la mwenzako anayetaka kupokea rushwa ni jepesi kulijibu. Unamwambia ana kwa ana na mapema kwamba hutashiriki, unamkumbusha anachopoteza, na asipoacha unatoa taarifa kwa mkuu wako au TAKUKURU. Usijifanye utaishia kwenye kumshawishi tu. Wanataka kusikia sehemu ya kutoa taarifa.

Mtego wa kukiri kosa

"Mtuhumiwa una uhakika ndiye, lakini hataki kusema. Utamshawishije akiri?"

Swali hili limeundwa ili uteleze. Ukisema utamwambia kwamba akikiri ataachiwa, umeteleza. Ukisema utambana mpaka aseme, umeteleza vibaya zaidi. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, inataka maelezo ya kukiri kosa mbele ya polisi yawe ya hiari, inahesabu yaliyotokana na vitisho au ahadi kuwa si ya hiari, na inauachia upande wa mashtaka mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo. Ndiyo maana kuna maelezo ya onyo: mtu anaambiwa anatuhumiwa nini, kwamba halazimiki kusema kitu, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi dhidi yake.

Yanayotokea maneno haya yasipoheshimiwa yanajulikana. Nchini Uingereza, watu wanne waliofungwa mwaka 1975 kwa mabomu ya Guildford waliachiwa mwaka 1989, na sita waliofungwa mwaka huohuo kwa mabomu ya Birmingham waliachiwa mwaka 1991, baada ya miaka 16, wote wakiwa wamefungwa kwa hukumu zilizoegemea sana maelezo ya kukiri kosa ambayo hayakustahili kuaminiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 polisi wa Uingereza na Wales walibadili namna ya kuhoji, lengo likawa kupata habari sahihi na kamili, mtu akiri au asikiri.

Jibu lako linaweza kuwa hivi: "Sitamshawishi akiri. Nitamweleza haki zake kwa lugha anayoielewa, nimpe maji, nimwache aeleze siku yake kwa maneno yake bila kumkatiza, kisha nilinganishe aliyosema na ushahidi nilionao. Akichagua kunyamaza, nitaandika kwamba amenyamaza na kuendelea kutafuta ushahidi mwingine. Na uhakika wangu mwenyewe nitaupima upya, kwa sababu ninaweza kuwa nimekosea."

Mjumbe anaweza kukubana: "Mkuu wa kituo anataka jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo." Shikilia ulichosema, kwa heshima: "Afande, maelezo yaliyopatikana kwa kumlazimisha yatakataliwa mahakamani, na kesi yote inaweza kuanguka." Usibadilike. Wanaangalia kama utabadilika.

Wakiuliza ulivyoshindwa

Watataka ujibu kwa ufupi na kwa kweli. Taja tukio moja ambalo hukufanikiwa, sema ulichokosa kukisikia au kukiuliza, na ulichofanya tofauti baadaye. Usimlaumu yule mtu. Mwombaji anayesema "hakuwa mwelewa" anaonyesha kwamba akiwa askari kila raia asiyemkubali atakuwa si mwelewa.

Siku yenyewe

Tumelelewa kwamba kujisifu ni vibaya, na malezi hayo ni mazuri, lakini kwenye usaili yanatufanya tuseme "tulikaa, tukazungumza, tukaelewana" hadi jopo halijui wewe ulifanya nini. Sema "mimi nilimwuliza", "mimi nilimwita". Kueleza ulichofanya si majivuno. Kama kuna mwenzako aliyechangia, mtaje naye, itaonyesha uungwana.

Salamu iwe ya heshima na fupi, subiri uambiwe ukae. Ukiulizwa swali, nyamaza sekunde chache kabla ya kujibu. Ukimya huo unaonyesha umesikia, na ni somo lenyewe unalopimwa. Usipoelewa, omba lirudiwe. Kama hujui utajibu kwa Kiswahili au Kiingereza, uliza mwanzoni, halafu baki kwenye lugha hiyo. Kuchanganya kwa sababu ya woga kunavuruga hata jibu zuri.

Tarajia mjumbe mmoja awe mkali. Atakukatiza, au atasema "Hapana, hilo si sahihi", hata kama ni sahihi. Wakati mwingine ni jaribio: wewe unayedai unaweza kumtuliza mwenye hasira, unajitulizaje mwenyewe? Mwache amalize. Kubali sehemu unayoweza kuikubali kwa moyo mweupe. Kisha rudi kwenye hoja yako kwa sauti ileile: "Nakuelewa, mheshimiwa. Kwa hali hiyo uliyoitaja ningefanya haraka zaidi. Ila bado ningemtoa kwanza mbele ya watu." Ukibishana umepoteza, na ukikubali kila kitu umepoteza pia.

Epuka kujibu kwa methali. Ukisema "maneno matamu humtoa nyoka pangoni" utakuwa umetumia nafasi ya kuonyesha kitu kueleza kitu ambacho kila mtu chumbani anakijua.

Mazoezi ya wiki moja kabla

Jirekodi kwa simu ukijibu swali la tukio lako, kisha usikilize ukihesabu mara ulizosema "nilimwelimisha" na maneno ya aina hiyo. Kila linapotokea, badala yake weka maneno halisi uliyomwambia mtu. Rekodi tena.

Halafu tafuta mtu wa kucheza nafasi ya raia mkorofi. Afadhali awe mkubwa wako, shangazi au mjomba ambaye hatakuonea haya. Mpe kazi ya kukukatalia kwa sababu anayoijua yeye peke yake, na wewe umwulize hadi uipate. Mwambie asikubali mpaka umeitaja sababu hiyo kwa mdomo wako. Zoezi hili linachosha, na mara za kwanza utaona unavyokimbilia kutoa ushauri kabla hujajua tatizo. Rudieni na hali tofauti: jirani mwenye muziki mkubwa, shahidi anayeogopa, dereva, ndugu wa marehemu wanaotaka mwili kabla ya uchunguzi.

Soma pia tangazo la kazi neno kwa neno. Askari wa hifadhi ataulizwa kuhusu wafugaji walioingiza ng'ombe ndani ya mpaka, afisa uhamiaji kuhusu msafiri asiye na nyaraka anayelia kaunta, askari magereza kuhusu wafungwa waliogoma kula. Kwa kila kazi, andika hali tatu za namna hiyo na ujiulize huyo mtu atakuwa anaogopa nini. Na mwisho wa mahojiano wakikupa nafasi ya kuuliza, waulize kituo au kikosi utakachoweza kupangiwa kina changamoto gani na wananchi wanaokizunguka, kisha sikiliza jibu hadi mwisho bila kuongeza la kwako.